Kifungu cha Wajane

Waliombandika jina la Kufuli hawakumwonea. Katika miaka yake yote ya kujadiliana kwa niaba ya serikali, hakuna aliyewahi kumtoa neno ambalo mwenyewe hakutaka kulitoa. Ndiyo maana nchi ilipoamua kujitoa kwenye jumuiya ya biashara iliyoiunganisha na majirani zake, waziri hakuumiza kichwa. Alimwita ofisini akamwambia, "Nenda katutoe huko. Tuliingia kwa vigelegele, tusitoke kwa vilio."

Vilio vilikuwapo tangu mwanzo, ila wakubwa wana masikio ya kuchagua. Nchi haitoki kwenye jumuiya kama mgeni anayeaga mlangoni. Inatoka kama watu wanaoachana, kila sufuria ina ubishi wake. Ndani ya ukumbi ule, ambao kiyoyozi chake kilikuwa kikidondosha maji kwenye ndoo, watu wazima wenye shahada zao walishinda wakibishania ushuru wa vitunguu, wakahamia maziwa ya unga, kisha wakanuniana juu ya matairi yaliyokwisha kutumika.

Upande wa pili uliongozwa na mama mmoja mpole wa sauti, asiyetoa shali begani kwa kuogopa baridi ya kiyoyozi kile. Zamani yeye na Kufuli walikuwa wakifanya kazi kwenye ofisi moja ya jumuiya, na mpaka leo walitaniana.

"Mnatuacha na nani?" alimwuliza siku ya kwanza.

"Na vitunguu vyenu," Kufuli akajibu, na ukumbi mzima ukacheka.

Sasa, mezani pale palikuwa na utaratibu ambao haukuandikwa popote, lakini kila mjumbe aliujua kama anavyojua jina lake: hakuna upande unaotoa kisichoombwa. Unachokitaka unakiomba. Usipokiomba, wenzako watachukulia kwamba huna haja nacho, na hawatakukumbusha ng'o, maana anayekumbusha ataulizwa kwao kama alitumwa na adui.

Kazi ngumu kuliko zote haikuwa bidhaa, ilikuwa watu. Enzi za jumuiya mtu aliishi popote alipopata riziki au mchumba. Sasa kila kundi lilitakiwa kuombewa haki ya kubaki lilipo. Waliombewa wafanyakazi, wakaombewa wanafunzi, wakaombewa waliooa na walioolewa. Mwanasheria wa ujumbe, mwanamke makini ambaye hakuna kitu kilichompita, akamfuata Kufuli wakati wa mapumziko.

"Mkuu, bado wajane na wagane. Mtu ameolewa kule, mume amefariki. Ndoa ndiyo iliyokuwa inamweka. Sasa anabaki kwa haki ipi?"

Kufuli alikoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa.

Alikuwa na dada, mdogo wake wa mwisho, wa tumbo moja. Aliolewa upande ule na dereva wa malori, akafungua kibanda cha cherehani, akazaa binti mmoja. Dereva alifariki kwa maradhi ya figo. Dada mtu akabaki na cherehani yake, na binti yake, na kaburi la mumewe, na hakuwa na mpango wa kuhama. Juzi tu alikuwa amempigia simu kaka yake. "Kaka, na sisi tuliofiwa mmetuweka kundi gani?" Kufuli akamwambia asiwe na wasiwasi, yeye yupo. Kwenye ujumbe hakuna aliyejua kwamba ana dada kule.

Na hapo ndipo palipouma. Wiki chache nyuma, mjumbe wao wa forodha alikuwa ametolewa kwenye mazungumzo kwa aibu, baada ya magazeti kugundua kwamba binamu yake anauza matairi. Picha yake ilitoka ukurasa wa mbele, ameshika mkoba kama mwizi wa kuku. Kufuli aliiangalia picha ile mpaka akaijua kila kona.

"Hicho tukiache," akamwambia mwanasheria.

"Mkuu, ni watu wengi."

"Tukiomba kila kitu hatutapata chochote. Hakuna serikali inayomfukuza mjane. Wataangaliwa kwa huruma."

Mwanasheria alimtazama, akafunga faili lake. Mtu mwenye akili akiamua kujidanganya hujidanganya vizuri kuliko mjinga, na Kufuli alikuwa na akili nyingi. Alichotakiwa kusema ni kwamba, hili linamgusa dada yangu, liongoze wewe, mimi natoka nje. Angekaa kwenye korido muda wa kumaliza kikombe cha chai. Basi. Lakini alitaka atoke kwenye kazi ile msafi, pasiwepo hata wa kumnyooshea kidole. Mficha uchi hazai, na yeye aliuficha wake kwa suti na tai.

Siku ya kutia saini kulikuwa na bendera, kalamu za kung'aa na wapiga picha. Waziri alipeana mikono na kila aliyekuwa na mkono. Baadaye, watu walipokuwa wakigombea sambusa, yule mama wa shali akamvuta Kufuli kando.

"Kuna kitu kilinishangaza. Kile kifungu cha wajane."

"Kimefanyaje?"

"Tulikuja na jibu tangu mwanzo. Wakubwa wangu walishakubali. Tulisubiri muombe, tuseme ndiyo, na sisi tuombe kidogo kwenye maziwa. Kila asubuhi nawaambia wenzangu, leo wataomba. Mbona hamkuomba?"

Kufuli akaegemea ukuta kama mtu anayejipumzisha tu.

"Tuliona ni jambo dogo," akasema. "Hakiwezi kuongezwa sasa?"

"Wewe unajua. Ukifungua kimoja, vyote vinafunguka, na huko kwetu kuna watu wanasubiri hilo kwa hamu." Akamchungulia usoni. "Una mtu wako kule?"

Alikuwa bado na nafasi ya kusema. Hata kama haingebadili kifungu, pengine huyu mama angejua mlango gani wa kugonga.

"Hapana," Kufuli akasema.

Dada yake hakufukuzwa kwa ukali. Ofisa wa uhamiaji alimpa kiti, akampa pole ya mume, akamweleza kwamba kibali chake kikiisha hakitaongezwa tena. Binti hakuweza kuja naye. Alikuwa raia wa kule kama baba yake, alikuwa darasa la mtihani, na wifi yake wa kule alisema mtoto wa marehemu hatolewi shule katikati ya mwaka. Hakusema kwa ubaya. Ndiye aliyefunga mizigo, na ndiye aliyelia zaidi siku ya kuagana.

Dada alifika kwa kaka yake jioni, akaketi sebuleni na mkoba mapajani, hakuuweka chini. Mke wa Kufuli alileta maji, akaona nyuso zile, akarudi jikoni.

"Kaka, nataka uniambie ukweli. Uliomba wakakataa?"

Kufuli alikuwa ameandaa jibu. Alikuwa amelifanyia mazoezi bafuni, na lilikuwa jibu zuri. Alipomwangalia mdogo wake, ambaye yeye ndiye alikuwa akimbeba mgongoni enzi hizo mama yao akiwa sokoni, jibu likamkauka mdomoni.

"Sikuomba. Niliogopa watasema nawapigania watu wa nyumbani kwangu."

Nje kulikuwa na mtu anaosha gari huku anapiga mluzi.

"Na kama usingekuwa na ndugu kule? Wangekuwa wajane wa watu tu, huwajui. Ungewaombea?"

"Ningewaombea."

"Ungewapatia?"

Kufuli alifunika uso kwa viganja. Alilia bila kujizuia, mtu mzima, mabega yanamtikisika. "Ningewapatia," akasema. "Asubuhi moja tu."

Dada hakumgombeza. Ingekuwa nafuu angemgombeza. Alisema taratibu, akiwa kama anayelielewa jambo wakati ule ule anapolitamka.

"Kule kuna wenzangu wamefunga maduka. Kuna mmoja ameacha mapacha. Kumbe wote wale nimewaponza mimi, kwa kuwa dada yako."

Simu ikaita ndani ya mkoba. Aliitoa, akaona ni binti yake, akajifuta macho haraka na kukohoa ili sauti ikae sawa.

"Ndiyo, mwanangu. Nimefika," akasema. "Nipo kwa mjomba wako. Amenipokea vizuri."