Spiriti ya Bomba

Mikidadi alichovya kitambaa ndani ya pipa, akakiwashia kiberiti. Kilitoa mvuke, kikazima. Akachovya kingine, nacho kikazima. Spiriti haizimi hivyo. Mle mlikuwa na maji.

Kazi yake ilikuwa moja: kuangalia pampu iliyosukuma spiriti ndani ya bomba la gesi, pale ufukweni kaskazini ya Bagamoyo, ili gesi na maji visigandane njiani chini ya bahari. Watu wa mjini walimcheka. Barafu gani itafanyika kwenye bahari vuguvugu kama maji ya kumwoshea mtoto? Lakini yeye aliwahi kuiona ikitolewa bombani, nyeupe, na ilipowashwa ikawaka.

Sasa bomba lilikuwa linagonga na mshale wa geji unapanda. Akamwita fundi mkuu, gesi ikafungwa. Kisha akaenda nyuma ya banda alikolala mlinzi wa usiku, Pazi, ndugu wa mkewe Chausiku.

"Nani kachota, shemeji?"

Pazi hakubisha. Jana alichota debe moja lililobaki, akajazia maji pipani, debe akalipeleka kwa Mina, mpika gongo. Pazi mwenyewe alionja pia. Spiriti ya kuwashia karabai watu wanainywa siku zote, alisema, nani kafa?

"Hii si ya karabai. Nilikwambia ni sumu."

"Ulinambia. Nikajua unaninyima."

Mikidadi alimnyooshea sigara. Mkono wa Pazi ulipita kando yake, ukashika hewa.

"Ukungu wa leo mzito, shemeji."

Nje ya kivuli cha banda, jua la adhuhuri lilikuwa linachoma mchanga.

Gari lilikuwa moja tu, la fundi mkuu. Pazi alimshika Mikidadi shati, akamsihi aseme ni malaria. Akisema wizi, ni jela. Akisema pombe, Chausiku atauficha wapi uso wake, mtoto wa marehemu mwalimu wa chuo cha Kurani?

"Malaria watakupa kwinini, nawe utakufa," Mikidadi alisema. Akamwendea fundi mkuu, akasema yote, na la debe pia.

Walimpakia Pazi nyuma, wakapitia kwanza kwa Mina. Uani palikuwa kimya. Wanaume wawili walilala kwenye jamvi, kuku wakidonoa kati ya miguu yao. Mikidadi alipiga hodi.

"Karibu," Mina alijibu kutoka ndani. "Kabla hujaingia, nisukumie hilo dirisha. Humu giza tupu."

Dirisha lilikuwa wazi. Mina alikaa chini yake, jua limemjaa usoni.