Mbavu za Spika

Baba alitaka spika tu, asikie kanda ya marehemu mama akiimba huku anaosha vyombo. Masikio yake yalikuwa yanaanza kuwa mazito, na redio yetu ndogo ilikuwa inakoroma.

“Nigongee boksi la kawaida, mwanangu,” aliniambia. “Misumari minne inatosha.”

Mimi, seremala mzima, nigonge boksi? Nikataka mbavu zilizopinda kama za gitaa. Nikagundisha plaiwudi nyembamba tatu tatu, nikazikunja juu ya kalibu na kuzibana. Za kwanza zikapasuka. Za pili nilizifungua mapema, zikafyatuka. Kila akiniuliza, namjibu, “Bado kidogo, mzee.” Kidogo hicho kikala miezi minane.

Siku niliyomaliza nilimketisha mbele ya spika, nikaweka kanda. Sauti ya mama ikajaa sebule nzima, hata dada yangu akaacha kufagia, machozi yakimtoka. Baba akazitazama zile mbavu, ya kushoto, ya kulia, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

“Kazi safi,” akasema. “Haya, washa basi tumsikie.”