Gari la Jesca Lililougua Nyumbani Tu

Gari la mjukuu wangu Jesca ni dogo, jeupe, na mlango wake mmoja uligongwa na ng'ombe huko Muleba. Likiwa zima, injini yake husikika kama cherehani inayoshona mshono mrefu. Likiugua linashona, linaruka, linashona, linaruka, na ukiweka kikombe cha chai juu ya boneti chai inamwagika. Nimejaribu, ndiyo maana najua. Mafundi wanasema gari linamisi.

Linalala uani kwangu hapa Izigo, pembeni mwa kibanja changu cha migomba. Jioni nalifunika mwenyewe kwa majani makavu ya migomba, juu yake mabichi mawili matatu, ndege wasilichafue na umande usishike vioo. Asubuhi Jesca anayafagia na kuondoka. Anawapeleka walimu watatu shuleni kwao, karibu na Kemondo. Ndiyo kazi yake, na aliihangaikia kuipata, maana wengi walisema msichana hawezi kukabidhiwa usukani.

Tangu masika yaanze gari lilikuwa limemisi asubuhi nne, na mara zote nne walimu walifika kengele imeshalia. Ijumaa Mwalimu Annastella, mkubwa wao, alipita uani akanisalimia vizuri, kisha akamgeukia Jesca.

"Mwanangu, tunakupenda. Lakini Jumatatu tukichelewa tena, tunahamia kwa Aroni."

Aroni ni dereva wa hapa hapa Izigo, na gari lake halikuwa na neno.

Kilichotuchosha ni kwamba gari likifika Bukoba kwa fundi Datius linakuwa zima. Alibadilisha plagi. Alimwaga petroli akidhani ina maji. Alibadilisha na chujio. "Bibi, mgonjwa wako hana ugonjwa," aliniambia. "Labda linaogopa walimu."

Jumamosi tulikaa jikoni, Jesca anamenya ndizi, mimi nachambua maharage.

"Siku zile nne," nikamwuliza, "gari lililala wapi?"

"Hapa nyumbani."

"Zote?"

"Zote, Bibi. Likilala mjini kwa shangazi Georgina halina shida."

"Kwa Georgina linalala wapi hasa?"

"Chini ya bati, pale anapoanika kahawa."

"Na kabla ya asubuhi zile nne, mvua ilinyesha?"

Akafikiri. "Ilinyesha. Lakini hilo hata Datius analijua, anasema ni unyevu tu."

"Masika ya mwaka jana gari lililala wapi?"

"Hapa hapa."

"Lilimisi?"

Kisu kikasimama. "Hapana. Hata siku moja."

"Basi mvua ni ile ile na uwanja ni ule ule. Kuna kitu kimoja kimebadilika, na hatujakiona."

"Bibi, ungekuwa polisi watu wangehama Izigo."

Nikamwambia ampigie Datius. Mgonjwa huyu anapona njiani, kwa hiyo inafaa mganga amfuate kitandani. Bahati nzuri Datius alikuwa anakwenda Muleba kwa wakwe zake siku ya pili, akakubali kupitia kwetu baada ya misa. Nilimkataza Jesca asiliwashe gari wala asiliguse.

Datius akaja na shati jeupe la kanisani. "Waitu, Bibi, leo sishiki oili. Mama mkwe ataniona mchafu."

"Sihitaji mikono yako, nahitaji macho yako. Mvua ikinyesha, maji ya kwenye kioo cha mbele yanakwenda wapi?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto. "Yanaingia kwenye mfereji huu chini ya waipa. Una matundu, moja huku, moja kule. Yanashuka nyuma ya magurudumu."

Jesca akaondoa majani, akafungua boneti. Nikajaza jagi, nikampa Datius amwage polepole juu ya kioo. Mimi nikachuchumaa nyuma ya gurudumu.

"Yanatoka?" akauliza.

"Hayatoki."

Jagi la pili. Nikaweka kiganja chini kabisa. Kikavu.

"Bado."

"Bibi!" Jesca akapiga kelele. Alikuwa ameinama kwenye injini. "Yanadondokea huku!"

Nikainuka kwa kushika bampa. Kweli, maji yalikuwa yamejaa kwenye mfereji kama kwenye bakuli, yanafurika kwa ndani, tone moja moja, juu ya koili ya tatu, kile kidude kinachopeleka moto kwenye plagi.

Datius akaacha utani. Akasema liwashwe. Likashona, likaruka, likashona, likaruka. Ndiyo mara yake ya kwanza kulisikia likiumwa. Akakunja mikono ya shati, akachomoa waya wa koili ya kwanza, injini ikataka kuzima. Akaurudisha, akachomoa wa pili, ikataka kuzima tena. Akachomoa wa tatu. Hapakuwa na tofauti yoyote.

"Huyu ndiye aliyelala kazini," akasema. "Akipata maji anazima, moto wa injini ukimkausha anaamka. Mpaka mnafika kwangu Bukoba ameshakauka."

"Na maji yamezibwa na nini?" nikauliza.

Akafungua kifuniko cha plastiki chini ya waipa, akaingiza vidole, akavuta. Likatoka donge jeusi lililooza, kubwa kama ngumi. Akaingiza upande wa pili, likatoka jingine.

"Nani amelima shamba humu?" akacheka.

Mimi sikucheka. Nililichambua lile donge kwa kucha, nikaona nyuzi zake. Miaka sitini nimefanya kazi kwenye kibanja, siwezi kukosea jani la mgomba. Jesca aliniangalia, halafu akaangalia chini.

"Ni mimi," nikasema. "Nimeanza kulifunika mwezi wa tatu mwaka huu. Nilitaka kukupunguzia kazi ya kufuta vioo. Makavu yanavunjika, yanaingia humo. Nusura nikufukuzishe kazi kwa mikono yangu."

Jesca akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. "Bibi! Na mimi nilishaanza kumsingizia Aroni kwamba anaharibu gari langu!"

Datius akaikausha koili kwa kitambaa, akakuta mpira wake umepasuka. Akatoa mwingine kwenye boksi lake la vifaa, akaufunga. Tukamwaga majagi manne. Maji yakatoka nyuma ya gurudumu, yakanilowesha miguu, na injini ikashona bila kuruka. Shati lake lilikuwa na doa jeusi kifuani. Nikamfulia lile doa kwa sabuni akiwa amejifunga kanga yangu.

Jumatatu mvua ilianza kabla ya mapambazuko. Gari lilikuwa limelala wazi, bila jani hata moja. Walimu walikuja na miamvuli yao, na Aroni naye alikuwa ameshasimama barabarani, kioo kimeshushwa.

"Walimu! Huku hakikohoi kitu!"

Jesca akawasha. Mwalimu Annastella akasimama katikati ya magari mawili, mguu mmoja kwenye tope, anasikiliza. Mimi nilikuwa barazani nahesabu, nikingoja injini iruke. Nilifika mia moja na arobaini. Hapo Mwalimu akafungua mlango wa gari la Jesca, akaingia.

"Nimebeba kamba ya kukuvuta!" Aroni akamwambia Jesca.

"Itunze, utaihitaji mwenyewe!"

Jesca aliporudi mchana sikumwacha hata avue viatu.

"Mlifika saa ngapi?"

"Robo saa kabla ya kengele."

"Wakasema nini kuhusu gari?"

"Hawakusema chochote, Bibi."

"Hata neno moja?"

"Hata moja. Njia nzima walikuwa wanabishana nani atasimamia mtihani wa darasa la saba. Waliposhuka wakaniambia tu, kesho saa ile ile."

Nikamwambia akae, maswali yangu hayajaisha, anieleze vizuri nani alikaa mbele.