Wewe Mwenyewe Unakula Wapi?

Fundi cherehani alikuwa hajawahi kupanda meli, na wifi yake alikuwa hajawahi kulala chumba kimoja na Fundi. Yote mawili yalitokea kwa mkupuo, na aliyeyasababisha ni binti wa Fundi. Binti huyo alifanya kazi kwa mawakala wa safari. Wateja wawili walipoghairi dakika za mwisho, nafasi yao kwenye meli ya kitalii ikauzwa kwa bei ya kutupa. Akainunua. Akampigia simu mama yake, kisha akampigia shangazi yake, na akamwambia kila mmoja kuwa mwenzake ameshakubali.

Shangazi huyo ukoo mzima ulimwita Karani, maana alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, na hata nyumbani alizungumza kama anayesoma mashtaka. Yeye na Fundi hawakuchukiana. Walikuwa mawifi tu. Siku kaka yake alipomwoa Fundi, Karani alisema mbele ya wageni kwamba kaka yake ameoa sindano na uzi. Bibi harusi akamjibu palepale kuwa afadhali sindano, hushona. Ulimi kazi yake kuchana. Wageni walicheka, wao wawili hawakucheka sana. Sasa huyo kaka alikuwa ametangulia mbele ya haki, na hapakuwa tena na mtu katikati yao wa kuwapatanisha.

Melini kulikuwa na chakula tangu alfajiri hadi watu walale, na chote kilikuwa ndani ya nauli. Fundi alikula kama aliyetumwa. Karani alipakua kidogo, akakizungusha kwa uma, akakifunika kwa kitambaa cha karatasi.

"Hakina ladha," alisema. Kisha alikunywa chai na kuchovya keki mpaka ikawa uji.

Mezani kwao walikaa pia bwana mmoja mwenye kofia ya ukindu na mkewe aliyevaa mkufu wa lulu hata asubuhi. Mbele yao Karani alijikaza, akatabasamu mdomo ameufumba, akasema daktari amemkataza kula sana. Lakini jicho la fundi halidanganyiki. Sketi iliyomkaa sawasawa siku ya kupanda meli sasa ilikuwa inamzunguka kiunoni, zipu imehamia ubavuni.

Meli ilipofunga gatini kwenye mji wa kwanza, Fundi alivaa viatu vya kutembelea.

"Wifi, leo tunashuka. Tunakwenda kutafuta chakula cha watu, chenye chumvi na kitunguu. Nitalipa mimi."

"Wewe ulipe? Basi tutakula upepo," Karani alisema. Lakini alichukua mkoba wake.

Mbele ya gati palikuwa na mstari wa migahawa yenye miavuli, na mlangoni kwa kila mmoja alisimama kijana mwenye menyu yenye picha. Fundi aliisoma ya kwanza, akaangalia bei, akairudisha kwa adabu kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake.

"Picha zenyewe zimenishibisha," alisema. Wakapanda barabara.

Mtaa wa pili walipata mahali pa nyama ya kuchoma, bei ya kuridhisha, na moshi wake ulimfanya Fundi ameze mate. Karani alisema nyama hiyo imekauka, inaonekana kwa macho. Mtaa wa tatu palikuwa na kuku wa kukaanga, na foleni ya wafanyakazi wa ofisini. Karani alisema mafuta yale yamepikiwa tangu enzi za ukoloni. Kwenye duka la mikate alisema mikate ni migumu. Walipofika kwa muuza mahindi ya kuchemsha, Fundi akiwa ameshika hindi mkononi, Karani alisema tu, "Hapana," na akageuka.

Jua lilikuwa limewaka. Fundi alilipa hindi lake, akaling'ata kwa hasira, akazungumza na punje mdomoni.

"Sasa wewe unataka kula nini? Mawingu? Kila nilichokionyesha kina kasoro. Mimi najua tatizo si chakula. Tatizo ni kwamba nimekichagua mimi. Ningekichagua kwa Kiingereza cha mahakama ungekila!"

"Punguza sauti, wifi."

"Sipunguzi! Miaka yote hiyo sijawahi kushona kitu ukakivaa, sijawahi kupika kitu ukakimaliza."

Karani aliketi kwenye ngazi ya duka la dawa, mkoba magotini, mkono umeshika shavu.

"Yananiuma," alisema.

"Nini?"

"Meno." Akatazama huku na huku. "Si yangu. Niliyang'oa yote yaliyobaki kabla ya safari, nikatengenezewa ya bandia. Juu na chini. Nikasema nitayazoea melini. Sasa ya chini yanakata ufizi kila nikitafuna. Usiku nayavua bafuni na kufungulia maji ili usisikie."

Fundi alitema punje alizokuwa nazo mdomoni, akazishika kiganjani bila kujua pa kuziweka. Alikuwa akidhani wifi yake anaoga sana.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," alisema, lakini kwa upole. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie wewe? Uniite kibogoyo mbele ya ukoo?"

"Ningekuita," Fundi alikiri. "Lakini kwanza ningekupikia."

Karani alitoa sauti fulani ambayo Fundi alidhani ni kilio. Kumbe alikuwa anacheka, na kila akicheka meno yaligongana, na kila yakigongana alishika shavu na kucheka zaidi.

Mlangoni pa duka la dawa alisimama mlinzi, mwanamke mwenye sare na rungu kiunoni. Fundi alimwuliza ni wapi penye chakula kizuri. Mlinzi, kwa uso wa mtu aliyeulizwa swali hilo na kila meli, alinyoosha mkono kuelekea kwenye miavuli ya ufukweni. Karani akainuka, akajifuta macho, na sauti ya mahakamani ikarudi.

"Dada, hatukuuliza watalii wanapelekwa wapi. Wewe mwenyewe unakula wapi?"

Mlinzi alicheka. "Ah! Mimi? Mimi nakula nyuma ya duka la matairi. Lakini hakuna kibao, hakuna menyu. Mkiona viatu vya kazi vimejaa mlangoni, hapo ndipo."

Ndivyo walivyopaona. Kilikuwa chumba kimoja kirefu, mabenchi pande mbili, meza zilizofunikwa plastiki yenye maua, na mlango wa nyuma uliofungukia jikoni ambako masufuria makubwa matatu yalikuwa yanatokota. Wapakua mizigo wa bandarini walikuwa wanakula bila kuzungumza. Mpishi, mama mnene mwenye kanga ya kifuani iliyomwagikiwa mchuzi, alikuja na upawa mkononi.

"Karibuni mama zangu. Niwape nini?"

"Tunaomba kitu laini," Fundi alisema kwa sauti ya chini.

"Laini ya mgonjwa au laini ya mtoto?"

Fundi alimtazama wifi yake, asijue kama anaruhusiwa. Karani alivuta pumzi. "Laini ya mtu mzima mwenye meno mapya."

"Aa, hilo tu!" Mpishi alielekeza upawa kwenye kona. "Yule mzee wa matairi alinunuliwa ya kwake na mwanawe. Yako mfukoni mwa shati. Huyavaa akienda harusini."

Mzee alisikia, akapigapiga mfuko wake kwa fahari, akaendelea na wali wake.

Supu ya samaki ilikuja ndani ya bakuli la bati, nzito kwa viazi na boga vilivyopondwa. Mpishi alisimama palepale mezani, akachambua miiba kwa vidole vyake kana kwamba anamchambulia mwanawe. Karani aligeukia ukutani. Alipogeuka tena, leso yake ilikuwa imefungwa kifundo na mashavu yake yalikuwa yameingia ndani. Fundi alijishughulisha na ndimu.

Karani alimaliza bakuli la kwanza bila kuinua kichwa. La pili alilila taratibu.

"Ulimlisha kaka yangu kwa kijiko," alisema, na maneno yalitoka na upepo mwingi kwa kukosa meno. "Mwishoni. Nilikuja siku moja nikasimama mlangoni, nikaona unampulizia uji. Nikarudi nyumbani. Sikuweza kuingia."

"Nilikuona. Nilisikia viatu vyako."

"Tangu siku hiyo nimekuwa nikiogopa. Nikasema, siku yangu ikifika, atanilisha nani? Sina mume, sina mtoto. Ndiyo maana sikutaka uone kama nimeanza kufika huko."

Fundi alimkamulia ndimu kwenye bakuli. Si mtu wa maneno mengi mahali ambapo maneno yanahitajika.

"Kula samaki," alisema. "Huko bado mbali. Na kama utafika, mimi kijiko ninacho."

Wakati huo mlangoni paliingia giza, na aliyeingia alikuwa ni yule bwana wa kofia ya ukindu, amelowa jasho, na nyuma yake mkewe wa lulu, viatu vya visigino mkononi. Walikuwa wameelekezwa na mlinzi yuleyule, au njaa tu iliwavuta. Walipotazama ndani, wakatazamana uso kwa uso na Karani.

Fundi aliona mkono wa wifi yake ukienda kwenye leso. Ukaishika. Ukakaa hapo. Halafu Karani akauondoa mkono, akainua uso, na kutabasamu kwa ufizi mtupu, tabasamu pana kama la mtoto mchanga.

"Karibuni!" alisema. "Msiogope mabenchi. Supu ya hapa ni kiboko."

Mke wa lulu alimtazama kwa muda. Kisha akaketi kando yake, akaweka viatu chini ya benchi, akamnong'oneza: "Mimi ya juu tu. Ya chini bado yangu. Daktari wako alikupa dawa gani ya ufizi?"

Wakaanza kuzungumzia fizi, madaktari na waume wanaokoroma, mpaka yule bwana akahamia kwa mzee wa matairi kutafuta mazungumzo ya kiume. Ulipofika wakati wa kulipa, chakula cha wote wanne hakikufika bei ya sahani moja ya kule kwenye miavuli, na Karani ndiye aliyelipa. Fundi aligomba, akashindwa.

Waliporudi kwao, Fundi alimsindikiza kwa mtengenezaji wa meno, akamsimamia mtengenezaji huyo kama mteja aliyeshonewa suti iliyobana, mpaka yule fundi mwenzake akayasugua mahali panapokata. Sasa yanamkaa vizuri. Jumapili Karani huja kwa Fundi mchana bila kualikwa, huketi upande wa dirishani, hulalamika kwamba chumvi imezidi, na humaliza sahani.