Kidole Gumba cha Mwana wa Mfalme

Kitabu kilikatika kabla ya mwisho, na banda zima lilikuwa linausubiri huo mwisho. Hiyo ndiyo shida iliyompata Ambu, msomaji wetu. Na kwa kuwa mimi nilikaa miguuni pa kigoda chake cha kusomea, ilinipata na mimi.

Banda letu la bidi, zile sigara ndogo za kukunja kwa jani, liko nyuma ya stesheni ya Kannur, kusini mwa India. Kazi yetu ni ya vidole na macho. Jani unalikata, unalitia tumbaku, unalikunja, unaziba ncha kwa ukucha wa kidole gumba, unafunga uzi. Masikio hayana kazi. Ndiyo maana kila banda lina msomaji. Yeye hakunji. Asubuhi anasoma gazeti, baada ya uji wa mchana anasoma hadithi, na jioni kila mmoja wetu anatoa bidi zake chache anazitia kwenye ungo wa msomaji. Huo ndio ujira wake.

Ambu alikihitaji kigoda kile kuliko mtu yeyote. Mkanda wa kinu cha mpunga ulimsaga vidole viwili vya mkono wa kulia. Mtu wa namna hiyo anaweza kukunja bidi, lakini hawezi kula kwa bidi anazokunja. Sauti yake, hata hivyo, ilikuwa nzima. Mvua ya Juni ikipiga bati, wewe uliyekaa mlangoni ulimsikia kama amekukalia begani.

Kigoda kina sheria moja. Zamani msomaji mmoja aliruka habari ya mgomo gazetini kwa sababu tajiri alimpa shati. Wengi wetu hatusomi, au tulijua tukasahau. Mimi mwenyewe shule niliiacha nikiwa bado nafundishwa kuunga herufi. Tungejuaje? Tangu hapo ilipitishwa kwa kura: msomaji asome kilichoandikwa. Akiongeza au akipunguza, anashuka.

Msimu ule Ambu alileta kitabu cha tapeli mmoja aliyeitwa Maran. Maran aliuza dawa za uongo sokoni, mpaka mchawi alipompa sura ya mwana wa mfalme aliyekufa. Aivae kama ngozi, aingie ikulu, aikombe hazina, atoke. Ila kulikuwa na sharti. Kila uongo atakaousema akiwa ndani ya sura ile ungeishona sura kwenye mifupa yake. Na tapeli ataishije ikulu bila kusema uongo?

Banda lilipagawa.

"Sura kama hiyo nipeni mimi nikamwone mama mkwe!" alisema Vasu, aliyekaa mlangoni.

"Wewe hata ukivaa sura ya mfalme, mama mkwe atakujua kwa harufu," akajibiwa, na watu wakacheka bila kuinua vichwa.

Kila siku Maran alidanganya, na kila siku sura ilimbana. Usiku akijaribu kuivua, damu inatoka. Mwisho hata mlango wa hazina ulikuwa wazi, wenzake wamekwisha beba mizigo, na yeye hawezi kutoka kwa sababu walinzi wanamwamkia kama bwana wao. Mimi nilikuwa nakunja huku jasho linanitoka. Kisha mkewe, muuza maua, akaingia ikulu na kikapu cha asumini. Akainua taa amtazame usoni yule mwana wa mfalme.

Ambu akafunua ukurasa.

Nilimwona. Nyuma ya ukurasa ule palikuwa na jalada tupu, na nyuzi za kitabu zinaning'inia. Mtu alikwisha ng'oa karatasi, labda za kufungia karanga. Ambu hakuwahi kusoma mbele. Alikuwa akisema utamu wa kitabu ni kukila pamoja.

Akanitazama. Mwingine hakuona. Mkunja bidi hainui macho. Akiyainua, jani linapasuka.

"Endelea, msomaji! Umelala?" Vasu alipiga kelele.

Hapo angeweza kusema. Lakini vitabu viwili vya kabla ya hicho vilikuwa vibaya, na Achuthan, mwenyekiti wa banda, alikwisha mwambia mbele ya wote: "Kaka Ambu, cha tatu kikituharibikia tutamjaribu Sukumaran." Sukumaran alikuwa kijana wa ungo wa nyuma, ana cheti cha shule na vidole vyote kumi.

"Nameza mate," alisema Ambu. Akashusha macho kwenye jalada tupu, akaendelea kwa maneno yake mwenyewe.

Jioni tulikutana kisimani tukinawa tumbaku.

"Waambie kimekatika," nilimwambia.

"Niwaambie sasa? Mchana ule ningeweza."

"Mchana ule hukutaka. Ukaanza kudanganya."

"Basi ndiyo hivyo. Nikiwaambia kesho, wataniuliza ya leo."

"Muue Maran, tumalize."

"Nitamuua," alisema.

Kesho yake alijaribu. Alimtia Maran gerezani, akamletea sumu kwenye maziwa. Watu wakaacha kukunja. Vasu akasimama. "Haiwezekani! Mwanamke ameshika taa, hajasema neno, wewe unatuletea maziwa? Rudi kwa mwanamke!" Wakaanza kugonga mikasi kwenye ungo. Ambu akafunua karatasi kuukuu nyuma, kama mtu aliyeruka ukurasa kwa bahati mbaya, maziwa yakamwagika, na Maran akawa hai. Chini yake mimi nilikuwa nimekunja jani lisilo na tumbaku.

Akaenda hivyo siku baada ya siku. Alikonda. Hakuwa na pa kutokea: akimaliza haraka wanapiga kelele, akirefusha anajifunga zaidi. Na mimi nilifungwa pamoja naye. Nilijua, na kila siku niliyonyamaza niliongeza uzi mmoja kwenye mdomo wangu.

Ijumaa akaimaliza hadithi. Mke wa Maran hakuitambua sura, wala sauti. Akasema, "Mwana wa mfalme, nipe mkono wako wa kushoto." Akakigeuza kidole gumba kwenye taa. Ukucha ulikuwa mrefu, umechongoka, na ubavuni una alama ya uzi. Akasema, "Ukucha huu haukuota ikulu. Huu umeziba bidi tangu utotoni. Wewe ni mume wangu, mtoto wa mkunja bidi, na hakuna mchawi aliyekumbuka kukubadilisha kidole." Na kwa kuwa Maran alijibu, "Ndiyo, ni mimi," ukweli wake wa kwanza ndani ya ile sura, nyuzi zote zikakatika, na sura ikaanguka sakafuni kama ganda.

Mikasi ikawekwa chini. Kisha watu wote, wazee kwa vijana, wakainua macho. Waliangalia vidole vyao gumba. Vasu alilia, halafu akasema ni vumbi la tumbaku.

Jumamosi yeye huyo Vasu alikwenda kujitapa kwenye kibanda cha chai. Kulikuwa na mtu wa banda la ng'ambo ya reli, jina lake Kelu.

"Kumbe Maran alikuwa mwenzetu!" alisema Vasu. "Mkunja bidi! Mkewe kamjua kwa ukucha!"

Kelu alipaliwa na chai. "Bidi? Enzi za tembo na panga? Tumbaku mlimpelekea kwa treni?"

Kibanda kizima kikacheka.

"Kitabu hicho tulikisoma mwaka jana," Kelu akaendelea. "Maran ni mwana wa mfalme kweli. Aliibiwa akiwa mchanga. Sura ilimng'ang'ania kwa sababu ilikuwa yake."

"Mwongo wewe!"

"Mwongo ni msomaji wenu. Kitabu tunacho kizima, njoo nikuonyeshe."

Jumatatu, uji ulipoliwa, Achuthan alisimama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Kaka Ambu, tunasikia maneno. Mimi sitaki kuamini watu wa ng'ambo." Kisha akanigeukia. "Ndugu Pokkan, wewe unakaa miguuni pake. Umeona nini?"

Sikuwa na pa kutokea. Nikisema niliona, nimemzika. Nikisema sikuona, nimesema uongo mbele ya watu ninaokula nao.

"Nilitazama ungo wangu," nilisema, "kama ninyi."

"Macho yako wewe yanatembea tangu nikujue," alisema Vasu.

Ambu akacheka kidogo. Akakifungua kitabu, akakiinua juu, akawaonyesha jalada tupu na nyuzi zinazoning'inia. "Mwacheni Pokkan. Kimekatika pale alipoinua taa. Mengine ni yangu."

"Kidole gumba ni chako?" aliuliza Vasu.

"Ni chetu. Nilikuwa naviangalia vyenu nikakosa kingine cha kusema."

"Kwangu mimi mwisho wako ni bora," Vasu alisema. "Ule wa Kelu siutaki. Kila mtu mzuri lazima awe mtoto wa mfalme?"

Watu wakaguna kukubali. Nikadhani tumepona. Achuthan akangoja wanyamaze.

"Hata mimi huu ndio ninaoupenda," alisema. "Sasa nijibuni. Ijumaa aliongeza bidi kwenye hadithi, tukafurahi. Asubuhi ile ile alitusomea gazeti kwa sauti ile ile. Nani hapa anajua mstari upi ulikuwa wa gazeti na upi ulikuwa wa Ambu?"

Vichwa vyote vikamgeukia Ambu. Ambu alifungua mdomo aseme gazeti hakuwahi kuligusa, na mimi najua hakuwahi. Akaufunga. Alimwona kila mtu akimtazama jinsi mke wa Maran alivyoitazama ile sura.

Kura ilipigwa kwa mikono. Wa kumbakiza tulikuwa saba tu, hatukutosha. Vasu hakuwa mmoja wetu.

Gharama yake ni hii. Ambu alishuka kwenye kigoda, akapewa ungo, na hadi leo bidi zake za siku nzima hazifiki zangu za asubuhi. Mkewe alianza kugonga mawe barabarani. Mimi, kwa kumficha, niliondolewa kazi ya kuhesabu mafungu ya bidi, kazi ya mtu anayeaminiwa, nikahamishiwa mlangoni, mahali mvua inapolowesha majani. Vasu anakaa pangu na hatusemezani. Sukumaran alikwenda kuazima kitabu kizima ng'ambo ya reli, akausoma mwisho wake bila kosa. Siku hiyo hakuna aliyeinua macho, na hakuna aliyeomba usomwe tena.