Kushusha Pikapu

Hodi ilipigwa getini Jumamosi asubuhi wakati Cheche yuko chini ya pikapu, miguu tu ndiyo iko nje. Alidhani ni kaka yake, kasahau ufunguo tena.

"Ingia, geti liko wazi!"

Viatu vilivyokuja kusimama kando ya gurudumu la nyuma havikuwa vya kaka. Vilikuwa buti za mpira, nyeupe, zimesuguliwa hadi zinang'aa. Cheche akajivuta nje, akafuta mikono kwenye ovaroli. Mwanamume wa makamo, bega moja limeinama kuliko lingine, alikuwa anaitazama pikapu kama mtu aliyeagiza ng'ombe akaletewa twiga.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mwenye gari yupo?"

"Mmoja wao ndiye huyu."

Mgeni akacheka kidogo, kwa adabu. "Namtafuta yule kijana mrefu, mwenye maneno mengi. Nimepita tu kulitazama kabla sijalichukua Jumatatu. Ila mbona bado liko juu? Alisema litakuwa limeshashushwa."

"Kulichukua kwenda nalo wapi?"

"Kwangu. Nimelinunua, binti yangu. Hakukwambia?"

Cheche aliangalia spana aliyoishika, akaiweka chini taratibu, kana kwamba ingevunjika.

Pikapu ile ilikuwa ya baba yao. Ilikuwa kubwa, mabavu matupu, na baba alipofariki iliachwa kwa wote wawili. Kadi iliandikwa jina la kaka kwa sababu yeye ndiye mkubwa, na siku ile hakuna aliyewaza zaidi ya hapo. Cheche alikuwa akichomelea milango na madirisha ya watu mchana, na jioni anarudi kuichomelea ndoto yake. Aliinyanyua juu kwa springi ndefu ili isikwaruze mawe. Akaifunga matairi mapana, akatengeneza kerieri, akaweka tangi la maji, akaunda jiko linalochomoza nyuma kama droo ya kabati. Juu ya kerieri akajenga kitu alichokipenda kuliko vyote: fremu ya hema inayofunguka kama kifuniko cha sanduku, ikisukumwa na mikono miwili ya chuma. Mpango ulikuwa kuwabeba watu wanaotaka kulala porini, kuwapeleka kule barabara inakokwisha na njia ya wanyama inakoanzia. Yeye dereva na mpishi. Kaka atafute wateja, maana mdomo anao. Mama alikuwa sebuleni na cherehani yake, akishona turubai la hema.

"Mimi ni mtu wa maziwa," mgeni alikuwa anaeleza, sasa kwa sauti ya chini, kama aliyeingia msibani bila kujua. "Nayakusanya kwa wafugaji alfajiri. Gari langu limekufa, hili la kukodi wanalitaka Jumatatu. Nilimwambia kaka yako, gari nimelipenda, injini nzuri, lakini mimi sina utingo. Debe likijaa nalibeba mwenyewe."

Akaenda nyuma ya pikapu kuonyesha. Aliinua mikono yote miwili kana kwamba ameshika debe. Bodi lilimfika kifuani. Mkono mzima ulipanda hadi pale. Ule wa bega bovu ulikwama njiani, ukatetemeka kidogo, na yeye akaushusha haraka akautia mfukoni.

"Kwa hiyo unaona," akasema.

Cheche aliona. Angeweza kumwambia aende akamtafute huyo mwenye maneno mengi. Alikuwa na haki hiyo. Lakini mkono ule uliofichwa mfukoni ulimshinda, na pia ilikuwa rahisi kumpa mtu huyu neno kuliko kulia mbele yake.

"Kaka yangu alikuahidi, lakini mwenye spana ni mimi," akasema. "Njoo Jumatatu alfajiri. Bodi litakuwa kiunoni mwako, na litabeba maziwa bila kuyumba. Hiyo ahadi ni yangu, si yake."

Mgeni akashukuru, akatoka kinyumenyume hadi getini.

Kaka alipokea simu mara ya tatu.

"Aah, mdogo wangu! Nilikuwa nataka nikupigie."

"Umeuza gari."

Nyuma yake kulikuwa na watu wengi na mtu mmoja akiita majina kwa kipaza sauti. "Sikiliza. Ni ile kazi ya ng'ambo. Nafasi imetoka ghafla, wakala anataka chake. Ningefanyaje? Ningekwambia ungekataa."

"Kumbe unanijua vizuri."

"Nitakununulia jingine. Nikishika mshahara tu, jingine zuri kuliko hilo. Na vikorokoro vyako vya hema na jiko sikumuuzia, hivyo ni vyako, umeona? Sikukutupa. Wewe mshushie tu yule mzee, si ni springi? Rudisha zile za zamani, kazi ya nusu siku."

Cheche akaenda nyuma ya banda lake la kazi kuzitafuta zile za zamani.

Springi za nyuma za pikapu ni bapa za chuma zilizolaliana, na chuma chake hakina mfano madukani. Alipofunga zile ndefu za kunyanyulia gari, aliziweka hizi hapa nyuma ya banda. Sasa palikuwa na ncha mbili zilizokatwa, zina kutu, na jongoo mmoja. Akasimama akizitazama. Kisha akageuka taratibu kuiangalia ile mikono miwili inayofungua fremu ya hema, namna ilivyopinda kwa madaha, isivyochoka wala kunyong'onyea.

Alizikata mwenyewe kutengeneza mikono ile. Alizitoboa na kuzichomelea, akifurahi kwamba amepata chuma kizuri bure. Hakuna fundi anayekata springi za gari ambalo anafikiri litarudi chini siku moja. Na springi ikishachomelewa haiaminiki tena kwa mzigo. Itabeba wiki moja, halafu itakatika, kwa kawaida kwenye mteremko.

Akampigia kaka tena, akamwambia zile za zamani hazipo.

"Kwani umezila?"

"Nimezikata."

"Basi hizo zilizofungwa zipashe moto na gesi. Zitalegea, gari litashuka lenyewe. Nani atajua?"

"Zitavunjika akipakia."

"Si leo. Na wala si kesho. Cheche, dunia nzima inafanya hivyo."

Alikuwa anasema kweli. Cheche alishaona mafundi wakifanya hivyo huku wanapiga mluzi: moto mwekundu dakika chache, gari linakaa chini kwa unyenyekevu, mteja anatoa shukrani. Mtungi wa gesi ulikuwa palepale ukutani. Angezipasha springi moto mchana huu, angebaki na hema lake na jiko lake, na siku moja angeyapandisha kwenye gari lingine, hata bovu. Hicho ndicho kilichobaki cha kuanzia. Aliusogelea mtungi, akashika mpira wake, akauzungusha mkononi. Akaurudisha mahali pake na kuingia ndani.

Cherehani ilisimama alipotokea mlangoni.

"Mama, ulijua?"

Mama alinyoosha turubai mapajani, mara moja, mara ya pili. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokuwa kwenye dirisha." Dirisha la hema lilikuwa limekwisha siku nyingi. Baada yake zilikuja zipu, mifuko ya ndani, na kamba za pembeni.

"Na ukaendelea kushona."

"Nilifikiri hema likikamilika, kaka yako akiliona limefunguliwa pale juu, ataona haya. Mtu hauzi kitu kizuri namna ile." Mama hakuinua macho. "Halafu na yeye ni mwanangu. Kila asubuhi nasema leo nitamwambia mwenzake. Unaingia umechoka, unanuka chuma, unauliza zipu imefika wapi. Nakujibu zipu imefika wapi."

Cheche alitaka kupiga kelele. Badala yake akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye meza ya cherehani, hadi chai iliyokuwa mezani ikapoa.

Jumapili alikwenda kwa Kinyozi. Mtu yule hakuwahi kumkata mtu nywele. Alikuwa anauza vyuma vya magari yaliyokufa, na jina alipewa kwa jinsi anavyomnyoa mteja bila maji. Springi za pikapu kama ile alikuwa nazo, nzima, zimepangwa juu ya mbao.

"Cheche! Umekuja kuninunua mimi au duka?"

"Springi hizo, mipira ya breki mifupi, na boliti zake."

"Za kushusha? Wewe? Uliyesema gari halirudi chini hadi kiama?" Akacheka hadi akakohoa. Kisha akaacha kucheka, maana macho ya biashara yalikuwa yameshaamka. "Fedha unazo?"

"Nitalipa kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo nimeshazikwa nayo mara nyingi. Nina mteja anataka hema la juu ya gari, kama lile lako. Nipe fremu na droo ya jiko, chukua springi uende zako."

"Hivyo ni kazi ya mwaka mzima."

"Na springi hizi ni za Jumatatu. Nimesikia. Mtu wa maziwa alipita hapa jana, anakusifu." Akafikicha sikio. "Na turubai."

"Turubai ni la mama."

"Na fremu ni ya nani, ya shangazi? Hema bila turubai ni kitanda cha chuma, dada yangu. Vyote, au hakuna."

Cheche alisema atarudi. Alitembea hadi nyumbani akitafuta namna ya kulisema lile moja la turubai. Alipoingia, mama alimtazama usoni, akayasoma yote. Alivuta kitambaa chini ya sindano, akashona upindo wa mwisho uliokuwa umebaki, polepole, mstari umenyooka, akakata uzi kwa meno.

"Hakitoki nyumbani kwangu na upindo unaning'inia," akasema, akaanza kukikunja.

Mkokoteni wa Kinyozi ulileta springi, ukaja kuchukua fremu, droo ya jiko na turubai. Cheche mwenyewe ndiye aliyefungua boliti za fremu, kwa kuwa wale vijana wangezilazimisha. Kerieri ikabaki tupu, kisha nayo akaishusha. Baadaye akainyanyua pikapu kwa jeki, akaiweka juu ya stendi, akatoa springi ndefu, akafunga fupi. Akabadilisha mipira ya breki, maana ile mirefu ingekwaruzana na tairi hadi itoboke. Kila nati aliikaza kwa utaratibu, kwa hasira lakini kwa utaratibu.

Jua lilikuwa linazama kaka alipoingia, shati safi, mkoba mpya begani. Akasimama mbali kidogo.

"Nikusaidie?"

"Shika hapo. Usiachie nikisema usiachie."

Akashika. Walifanya kazi kama zamani baba alipokuwa akiwaita wote wawili. Kisha kaka akaangalia juu, pale hema lilipokuwa. "Lile hema liko wapi?"

"Ndizo hizo springi."

Alielewa taratibu. Uso wake ukashuka. "Cheche, nakuahidi, nikifika tu kule..."

"Usiniahidi kitu, kaka. Shika vizuri."

Aliposema "achia," gari lilishuka likakaa. Lilionekana dogo. Lilionekana kama gari la mtu mwingine, na lilikuwa hivyo.

Mtu wa maziwa alifika alfajiri kwa gari la kukodi, madebe yamejaa, yamefungwa vitambaa midomoni. Alishusha debe la kwanza, akalikumbatia kwa mkono mzima, akaliegemeza pajani na kulisukuma. Likaingia kwenye bodi kama kapu linavyowekwa mezani. Akaleta la pili. Cheche alitaka kumsaidia, lakini aliona anavyofurahia kujiweza, akaacha.

Madebe yalipokwisha, mzee alizunguka nyuma akainama kutazama springi zikiwa zimebeba. Zilikuwa zimepinda kiasi, kwa raha, bado zina nguvu ya kubakiza.

"Zile zile za zamani?"

"Nyingine. Nzima."

"Safi sana." Akaipigapiga pikapu ubavuni, akatazama kuelekea nyumba, ambako mapazia yalikuwa bado yamefungwa. "Kaka yako yuko wapi? Wewe ni fundi, nimekusifu kote, lakini neno la kwanza lilikuwa lake, nilitaka nimshike mkono. Siku hizi mtu anayetimiza neno lake ni wa kutafuta kwa taa. Wengi walinicheka, wakaniambia umeshalipa, hilo gari hutaliona limeshushwa. Nikasema hapana, yule kijana nilimtazama machoni."

Cheche alikuwa ameshika spana. Mikono yake ilinuka grisi. Angeweza kusema ukweli wote. Mzee angeamini, angesikitika, angepanda gari lake jipya na huzuni isiyo yake asubuhi yote, nyumba hadi nyumba.

"Amelala," akasema. "Nitamfikishia."