Jaja Nuriat Hakungoja Jumamosi

Ujumbe ulimfikia Nasirumbi saa nne asubuhi, sokoni Busia upande wa Kenya, wakati lori la nyanya kutoka Molo lilikuwa ndio kwanza linashusha. Aliusoma mara mbili. Jaja Nuriat alikuwa amefariki alfajiri. Mtaa mzima ulimwita Jaja, yaani bibi, lakini alikuwa mama yake Hanifah, jirani wa Nasirumbi wa ukuta mmoja kwa miaka kumi na minne, na Jaja ndiye aliyemkanda Nasirumbi alipojifungua Arnold. Mwaka Nasirumbi alipofiwa na mume, Hanifah alifuatana naye mpaka kijijini kwao Masaba, akakaa siku nne akiwapikia waombolezaji, usiku akijitandikia mkeka wake pembeni.

Nasirumbi alifumba macho akamwombea Jaja pale pale, katikati ya makreti. Kisha akajiambia atafunga biashara mapema, anunue sukari na kuni, aende kama mtu aliyejiandaa. Kwao Masaba maiti hungoja. Watoto watoke Kampala, fundi amalize jeneza, Jumamosi ifike. Kwamba Waislamu huzika siku ile ile, hilo alilijua vizuri; lakini nyanya zilikuwa zinalainika, wateja wamejipanga, na moyo wake ukashika desturi iliyomfaa.

Alivuka mpaka kurudi upande wa Uganda saa kumi jioni, kuni zimefungwa nyuma ya bodaboda. Langoni kwa Hanifah alikutana na wanaume wakirudi kutoka makaburini, pindo za kanzu zao zina vumbi jekundu. Abdunoor, kaka yake Hanifah, alimsalimu kwa upole, akapita.

Hanifah alitoka uani macho yamevimba. Alimweleza kwamba Jaja, siku zake za mwisho, hakuacha kumuulizia. Wanawake walipomaliza kumvika sanda waliacha uso wazi, Nasirumbi aje amuage. Imamu alituma mtu mara mbili kuuliza. Hanifah akaomba dakika tano, kisha tano nyingine, akichungulia barabarani.

"Nikawaambia mama Arnold yuko njiani," alisema. "Halafu nikakumbuka, laini za simu za kwetu huko ng'ambo zinapotea. Haukupata ujumbe, ama?"

Udhuru ndio huo, amewekewa mkononi. Nasirumbi alimwomba Mungu kimya kimya ampe ulimi wa kweli, na papo hapo akatamani ombi lisisikike.

"Niliupata, mama Nasrudin. Saa nne. Nilikuwa nauza."

Hanifah hakulia, wala hakulaumu. Alipokea sukari kwa mikono miwili, akashukuru, akashukuru tena kwa kuni. Nasirumbi akavua viatu aelekee jikoni, kwa wanawake waliokaa mkekani wakichambua mchele, mahali ambapo siku zote alijisogeza bila kuambiwa.

"Hapana, usijisumbue," Hanifah alisema, kisha akamwita binti yake. "Rehemah, mletee mgeni kiti."